Ndevu za Mzee kwenye Barza ya Biro



Wengi wenu wamecheka kuona kapita wa shule akipanda juu ya kiti kila asubuhi mbele ya biro ya Bwana Prefe, akiinua mukebe wa maua kwa mkono mmoja, kisha anaurudisha pale pale bila kumwanga hata tone moja la maji. Wengine walisema ya kuwa ukapita umetutoa akili. Leo tutaeleza. Mutatusamehe tukisema "sisi"; ndivyo tulivyofundishwa kuandika, maana kusema "mimi, mimi" katika gazeti la shule si adabu. Lakini kwa neno la mwaka jana mujue mbele ya yote kwamba "sisi" hii ni mtu mmoja tu. Ndugu wa chumba chetu hawana kosa ndani yake.

Mmea wenyewe munaujua. Ni ule wa nyuzi nyingi za kijani, wenye majani membamba na laini, yenye manyoya kidogo ukiyashika, unaning'inia karibu metre moja. Wadogo waliuita Ndevu za Mzee. Jina lake la kitabu ni Hoya linearis. Uliachwa na mwalimu mmoja mama aliyefundisha hapa, alipokwenda kupumzika kwao. Alitukabizi kopo yake na maneno machache: "Musiuguse-guse." Tukajibu, ndiyo mama. Kisha tukaanza kuugusa.

Wakati ule ulikuwa katika kopo ndogo ya plastiki yenye matundu, na ndani hamukuwa udongo. Kulikuwa vipande vya makala na maganda ya miti. Tukaona haya. Mmea wa mbele ya biro, wageni wote wanaupita, nao umelala katika takataka! Tulikuwa tumepewa ukapita wa chumba cha kulala siku zile zile, na munajua kapita mupya namna gani anatafuta kitu cha kutengeneza. Tukautosha, tukaupanda katika nyungu nzuri ya kufinyangwa, tukaijaza udongo mweusi wa shamba la maharagi, ule udongo ambao kila mgeni anausifu. Nyungu haikuwa na tundu chini. Tena nyuzi zilikuwa hazilingani, moja ndefu, moja fupi. Tukachukua makasi tukakata ncha zote, kama kunyoa watoto kabla inspekteri hajafika. Kwa mwisho tukaagiza mdogo mmoja, mupya katika internati, amwange maji asubuhi na jioni, kopo moja moja, bila kukosa.

Baada ya juma tatu majani yakalegea. Mengine yakawa manjano na kuanguka. Tukamwita yule mdogo.

"Juu ya nini haumwangi maji?"

"Kapita, mimi namwanga. Asubuhi na jioni, vile ulisema."

"Bongo! Angalia majani. Iko nakufa na kiu."

"Kapita, haki, namwanga."

Hatukutaka kusikia. Tuliandika jina lake katika kaye ya nidhamu: mvivu, tena mwongo. Azabu ilikuwa kukata majani ya uwanja wa mpira kwa Jumamosi mbili.

Jumamosi ya pili ilikuwa siku ya wageni. Mama yake alikuwa ametoka mbali, ameanza safari alfajiri, kikapu mgongoni. Alimkuta mtoto ameinama na panga katikati ya uwanja, na wenzake wameketi na wazazi wao chini ya miti. Hakumwuliza kitu. Alitukaribia sisi tuliosimama kivulini na kaye mkononi, akasema: "Jambo, mwana wangu. Ni wewe unamuangalia mutoto wangu hapa? Aksanti." Akatupatia karanga zilizofungwa katika jani la ndizi. Na sisi tulizikula.

Jumatatu mwalimu wetu wa biolojia alipita kwenye barza. Akaingiza kidole katika nyungu, akakinusa, akatutazama. "Ni nani anasema ya kuwa mmea huu una kiu?" Hakungoja jibu. Aliipindua nyungu juu ya saruji. Yalitoka maji kwanza, kisha udongo kama uji, kisha mizizi ya rangi ya kahawa, laini. Ukiivuta, ngozi inatoka na kubaki uzi. Harufu yake ilikuwa ya mfereji.

Alitufundisha pale pale, tumechuchumaa. Mizizi inapumua kama sisi, inataka hewa. Maji yakijaza kila nafasi ya udongo, yanafukuza hewa, na mizizi inakufa na kuoza. Mzizi uliokufa hauwezi kupandisha maji. Kwa hiyo majani yanakauka juu na huku miguu imezama chini. Jani la mmea wenye kiu na jani la mmea unaozama yanalegea sawasawa. Mtu anayeangalia jani tu hawezi kujua.

Basi munaona. Yule mdogo hakusema bongo. Alimwanga kila siku vile tulivyoagiza, na kila alipotii aliuua zaidi. Angalikuwa mvivu kama tulivyoandika katika kaye, mmea ungalipona.

Nchi ya mmea huu ni milima ya Himalaya, kule Nepali na kaskazini ya India, na mahali pake ni juu ya matawi ya miti. Wale waliofika msitu wa Kahuzi watafahamu upesi: wameona orkide na majani mengine yamekaa juu ya matawi, hayanyonyi mti, yanashika tu. Mvua inanyesha, inalowesha, inapita, upepo unakuja. Hakuna udongo mweusi wa maharagi kule juu. Takataka ya yule mama ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kweli. Tena baridi yetu ya Kivu inaufaa (ziwa letu liko metre 1460 juu ya bahari, nasi tuko juu yake), na pengine ndiyo sababu haukufa mapema zaidi.

Neno moja la pembeni. Jina "Hoya" lilitolewa mwaka 1810 na Robert Brown, ni yule yule wa "mwendo wa Brown" tunaousoma katika fizika, aliouona mwaka 1827 katika vumbi ndogo ndani ya maji. Alilitoa kwa heshima ya Thomas Hoy, mtunza bustani wa mkubwa mmoja wa Uingereza, Duke of Northumberland. Hakuliita kwa jina la yule mkubwa mwenye bustani. Lilitupendeza sana.

Turudi. Tulikata vipande sita katika nyuzi zilizokuwa bado ngumu. Panapokatwa panatoka maziwa meupe kama ya franjipani ya mbele ya kanisa, na kweli ni jamaa moja. Tuliviacha kivulini mpaka maziwa yakakauka. Mikebe ya maziwa ya unga tuliitoboa chini kwa msumari, matundu mengi, tukajaza vipande vya makala, maganda ya mti na mawe meusi ya volkano, yale mepesi yenye matundu, ambayo ndugu mmoja alituletea kutoka Goma. Tukafunika na mfuko wa plastiki unaoonyesha, kusudi vipande visikauke kabla ya kupata mizizi. Viwili vilioza. Kimoja kilikauka sababu mfuko ulipasuka na hakuna aliyeona. Vitatu vilishika. Baada ya juma sita hivi, ukikivuta kipande kidogo, kinakataa.

Sasa yule mdogo. Tulimwita, tukamwomba atusamehe. Akasema, "Haina neno, kapita," akitazama chini. Lakini mdogo atamjibu kapita nini tena? Hatukuhesabu neno lile kuwa ni kusamehewa. Tukamwomba atunze mikebe pamoja nasi. Alikataa. "Na kama itakufa tena?" Siku nyingine akarudi mwenyewe, akasema atakubali kama ni yeye atakayechagua siku ya kumwanga. Tulikubali.

Na ni yeye aliyetufundisha ile namna munayoicheka. Mama yake anauza unga sokoni. Akiinua mfuko kwa mkono anajua kama umepunguka. Mtoto alifanya vile vile na mukebe. Ukiwa mzito, uache. Ukiwa mwepesi, umwangie mpaka maji yatoke chini, kisha ungoje. Sisi tulitaka kuandika programu: Jumatatu na Alhamisi. Akasema hapana, mukebe haujui Alhamisi. Ni kweli. Wakati wa mvua kubwa ya mwezi wa kumi na moja tulikaa hata siku kumi bila kumwanga. Wakati wa kiangazi, vumbi na upepo, tulimwanga karibu kila siku ya pili. Maana ndugu zake wa majani manene, kama Hoya carnosa, wanaweka maji katika majani na wanavumilia mtu anayesahau. Huyu wa majani membamba hana akiba. Hataki kukauka kabisa, na hataki kulala katika maji. Ndiyo matata yake yote.

Mengine tuliyapata kwa kukosea. Jua la saa sita linachoma majani; jua la asubuhi linaufaa. Ndani ya biro palikuwa na giza mno, nyuzi zilirefuka bila majani. Kisha wakaja wadudu weupe kama pamba kwenye maungo. Tuliwapangusa kwa alikoli ya dispensari, wakarudi, tukawapangusa, wakarudi. Ni yule mdogo aliyeona sisimizi wadogo weusi wakitembea juu ya waya: sisimizi wanapenda utamu unaotoka kwa wadudu wale, kwa hiyo wanawachunga kama ng'ombe. Tulipaka waya mafuta mazito ya motokari. Ikawa mwisho.

Maua tuliyangoja miezi kumi na sita. Aina hii inatoa maua kwenye ncha za nyuzi, zile ncha tulizozinyoa kwa makasi. Mwezi wa tatu wa mwaka huu yakafunguka: nyota ndogo nyeupe, nyingi pamoja, katikati manjano kidogo, kama zimekatwa katika mshumaa. Wale wanaosoma jioni karibu na biro walinusa harufu nyepesi kama ya ndimu, wakauliza ni nani aliyejipaka manukato.

Lakini sababu ya kuandika si maua. Mwaka jana, baada ya kuona mizizi ile, tulikwenda kwa Bwana wa nidhamu kueleza. Alitusikiliza vizuri, akafuta jina katika kaye. Ila alama za mwenendo za kipindi kile zilikuwa zimekwisha kuandikwa, buletini imetiwa sahihi, imekwenda nyumbani, baba yake ameisoma. Karatasi ile hairudi. Kwa hiyo tunaandika hapa, katika karatasi nyingine inayosomwa na shule nzima: mdogo yule hakuwa mvivu, tena hakusema bongo. Amri ilikuwa yetu na kosa lilikuwa letu. Yeyote aliyemwita "Mwongo wa maua", na tunajua jina lile lilianzia katika chumba chetu, aliache leo.

Sisi tunangoja mtihani wa Leta, kisha tunaondoka. Mikebe miwili inabaki kwenye barza, na ni yeye mwenye ufunguo wa kiti. Bwana Prefe amekubali.

Wa tatu alimpa mama yake siku ya wageni ya mwezi wa nne. Tulikuwapo. Tulimwelezea yule mama neno lote, tangu nyungu mpaka uwanja wa mpira, na mdomo wetu ulikuwa mukavu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauinua mukebe kwa mkono mmoja, akamtazama mtoto wake, akasema: "Ungali muzito. Hapana maji leo."