Alirithi, Alirithiwa: Picha Zinazosimuliwa kati ya Njombe na Makambako

Wapenzi wa lugha, hebu tuhesabu majina. Kitu ambacho vitabu hukiita filamu, wazee wetu walikiita sinema, kwa kuwa walikifuata kwenye jumba la sinema. Kizazi changu kilikiita mkanda, kwa kuwa kilitujia katika kaseti na kuingizwa kwenye deki. Vijana wa leo husema muvi. Katikati ya hayo yote lipo jina moja lisilozeeka: picha. Picha ndogo ya pasipoti hukaa kimya katika ngeli ya I-ZI. Ikianza kusogea, ikatoa sauti na kuujaza ukuta, watu huihamishia LI-YA bila kuagizwa na mwalimu yeyote, nayo huwa picha la Kihindi, picha la kareti, picha la kivita.

Mimi ni mkazi wa Njombe, mji wa baridi, chai na viazi. Rafiki yangu yuko Makambako, kiasi cha kilomita 60 kaskazini, pale barabara ya Songea inapokutana na ile kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA inapopita. Kwa miaka mingi alikuwa utingo wa malori. Mimi nilikaa na vitabu, yeye akakaa na njia. Tangu enzi za deki tumekuwa tukipeana picha za kutazama, za zamani na za ng'ambo, na kila nikitafakari urafiki huo naona kwamba tulichopeana zaidi ni maneno.

Kwa maana rafiki yangu hajawahi kuniambia kwamba anapendekeza filamu. Husema: "Mwalimu, tafuta picha moja, kuna mtu na mwanawe wanatafuta baiskeli mji mzima." Kisha hunyamaza. Ana sheria mbili. Ya kwanza, usimalize utamu: simulia hadi mlangoni, mlango aufungue mtazamaji. Ya pili, neno "kali" ni marufuku, kwani limetumika kwa pilipili, jua, mbwa na kila picha iliyowahi kutoka, hata halichomi tena. Ukitaka kuisifia picha, taja kitu kimoja ulichokiona ndani yake. Washairi, nadhani sheria hizo mnazifahamu kwa jina lingine.

Picha ile ya baiskeli ilitengenezwa Italia mwaka 1948 na Vittorio De Sica. Maskini wa Roma anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti la kuwa na baiskeli. Siku ya kwanza tu kazini, baiskeli inaibwa. Kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkopo hahitaji maelezo zaidi. Sisi tulibishana juu ya jina lake. Kwa muda mrefu baadhi ya waliozungumza Kiingereza waliiita kwa umoja, Mwizi wa Baiskeli, ilhali Kiitaliano kinasema wezi. Rafiki yangu alitetea umoja: aliyeiba ni mmoja. Nilimwomba aitazame tena hadi mwisho. Alirudi na neno moja tu: "Wezi." Siri ya wingi ule sitaifichua hapa, nisije nikavunja sheria ya kwanza.

Msamiati wetu wa picha, kwa sehemu kubwa, haukutungwa na kamati. Neno "steringi" lilizaliwa kwenye mabango ya Kiingereza, lilipotangulia jina la mchezaji mkuu. Sisi tukalitwaa likawa mchezaji mwenyewe. Vibanda umiza vikaongeza kanuni kwamba steringi hafi, na hadi leo wapo wanaoinuka na kudai hela yao akifa. Humo pia ilikua kazi ya mfasiri wa papo kwa papo. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kama Lufufu, alizifasiri picha za kigeni kwa Kiswahili hadi sauti yake ikawa sehemu ya picha zenyewe. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanaye VJ Jingo kwa Kiganda. Wasomi wengine hulalamika kwamba watu hawa huongeza chumvi. Ni kweli huongeza. Lakini anayelalamika mara nyingi ni yule awezaye kusoma maandishi yapitayo chini ya kioo.

Shangazi yangu hakuweza. Alikuwa mjane wa dereva aliyefia barabarani. Kabla arobaini haijaisha, ndugu wa marehemu walikuja wakachukua mabati, cherehani na hati ya kiwanja. Yeye hakulizungumza jambo hilo. Kwa picha, alipenda za Kihindi, ambazo, kwa maneno yake, mtu huzielewa kwa machozi. Aliipenda Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyowahi kujaza majumba ya sinema ya pwani yetu.

Katika miaka ya mwisho ya mikanda, rafiki yangu alirudi na Neria aliyoipata Lusaka. Hiyo ni picha ya Zimbabwe ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na kisa cha Tsitsi Dangarembga, yenye muziki wa Oliver Mtukudzi. Aliniambia: "Hii usiione peke yako. Mwonyeshe shangazi." Hakusema zaidi.

Picha hiyo inazungumza Kiingereza. Basi tulikaa na jiko la mkaa katikati, nami nikawa Lufufu wa mtu mmoja. Mume wa Neria anakufa katika ajali. Shemeji anaanza kuchukua: gari, fedha, nyumba, hata watoto. Nilipofika hapo nilisema shemeji anadai kurithi. Shangazi akauliza, macho yakiwa kiooni: "Na yeye mwenyewe? Anarithi au anarithiwa?"

Nilisimamisha deki. Nimesoma sarufi miaka mingi, na sikuwahi kukiona kiambishi cha kutendwa kikibeba mzigo wa namna ile. Sauti moja, w, inamtoa mwanamke katika orodha ya wenye mali na kumwingiza katika orodha ya mali. Katika jamii nyingi za nchi yetu watu walitamka "mjane amerithiwa" kama wasemavyo ng'ombe amerithiwa, na sarufi haikushtuka.

"Anakwenda mahakamani," nikamjibu. "Endelea," akasema. Tulitazama hadi mwisho. Hakulia. Aliniomba nimrudishie sehemu ya mahakama, nami nikaifasiri mara ya pili, polepole zaidi, nikichagua maneno ambayo angeweza kuyabeba: mirathi, msimamizi, haki ya mjane. Wiki iliyofuata alikwenda kuuliza jinsi ya kufungua shauri. Kiwanja hakikurudi, cherehani ilirudi. Aliishonea miaka tisa zaidi.

Sisemi kwamba picha ilimwokoa. Nasema ilimfikia, na kilichoifikisha ni Kiswahili kilichotamkwa kando ya jiko. Washairi tunajua kupima mizani na kutunza kina. Kazi hii ya kumsimulia mtu picha ya ugenini, tukachagua neno moja litakalokaa, nayo ni yetu, na hatuna sababu ya kuwaachia wa vibanda peke yao.

Kwa upande wangu, zamu hii nimempa rafiki yangu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yenyewe inazungumza Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo safari hii hakuna wa kufasiriwa. Nimemwambia tu kwamba kuna msichana, mji wa mawe, na mlango. Aufungue mwenyewe.