Hakuna Mwombaji

Nilikuwa afisa utumishi katika taasisi moja ya umma huku Nyanda za Juu Kusini. Sasa nimestaafu, nalima mpunga Chimala, wilayani Mbarali, na kuna jambo nataka kulisema waziwazi: niliandika uongo kwenye taarifa ya serikali ili kuficha ubaguzi nilioufanya mwenyewe.

Siwezi kusingizia kutojua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kwenye ofisi ya watu 100, ni watatu. Semina zake nilihudhuria.

Ilipotangazwa nafasi ya masjala, aliomba kijana wa hapa Chimala anayetembea kwa magongo. Cheti chake cha utunzaji kumbukumbu kilikuwa kizuri kuliko vya wenzake. Usaili niliupanga ghorofani, ingawa chini kulikuwa na chumba kitupu. Alifika mlangoni jasho linamtiririka, bahasha ya vyeti ameing'ata kwa meno kwa sababu mikono yote ilishika magongo. Nikamwandikia "amechelewa". Kisha nikawaambia wanajopo kwamba rafu za majalada ziko juu, hataziweza. Hakuna aliyebisha. Rafu zenyewe fundi seremala angezishusha kwa siku moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, ila inaruhusu kuzingatia mahitaji halisi ya kazi. Nilijificha hapo. Lakini kazi ya masjala ni kusajili barua na kujua jalada lipo wapi, na hayo kijana aliyaweza.

Baadaye ikaja fomu ya taarifa. Kwenye safu ya wenye ulemavu nikajaza sifuri, na kwenye sababu nikaandika: "Hakuna mwombaji aliyejitokeza." Mkuu akasaini. Sentensi hiyo inaniuma kuliko usaili wenyewe, maana anayeisoma ataamini watu wenye ulemavu wa Mbarali hawaombi kazi. Wanaomba.

Nilimfuata yule kijana nyumbani kwao kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mzee, na ile taarifa mliisahihisha?" Hatukuisahihisha.

Afisa utumishi mwenzangu, kabla hujaandika sababu ya sifuri yako, fungua faili la maombi ulisome lote. Na usaili uuweke chumba cha chini.