Kompresa ya pili iliyolala Kagoma

Lami inayotoka mpakani Mutukula hupita Bukoba na Muhutwe, ikafika Kagoma kabla ya kuendelea Muleba na Biharamulo. Familia moja iliyokuwa ikitoka Kampala na gari-nyumba la kuazima ilikata kona hapo, ikaegesha kwa bibi, kati ya migomba na mibuni. Watoto wa jirani walitazama vitanda na jiko la ndani, lakini kilichowashangaza ni maji yaliyokuwa yakidondoka chini ya gari, na mvua haijanyesha.

"Bibi, gari linavuja!"

Halikuwa linavuja. Kompresa ya kiyoyozi hubana gesi mpaka ikapata joto kali. Feni huipoza upande wa nje, gesi ikageuka kimiminika, kisha hupita kwenye kitundu chembamba, ikatanuka na kuwa baridi. Hewa ya chumbani ikipulizwa juu ya mabomba hayo huacha joto na unyevu wake. Maji yale ni kama jasho la chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Baba mwenye gari alikuwa na wasiwasi mwingine. Kiyoyozi kina kompresa mbili, na tangu wafike moja ilikuwa kimya. Alikuwa karibu kumwita fundi kutoka Bukoba, jambo ambalo lingemgharimu bure. Kompresa ya pili si ya akiba. Kidhibiti joto huanza na moja, na chumba kikiwa na joto zaidi sana ya kile kilichopangwa, huamsha ya pili baada ya kitambo. Haziwashwi kwa mpigo, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kuzunguka. Kagoma, ambako mchana wenyewe huwa karibu nyuzi 26 tu, moja inatosha. Dar es Salaam zote mbili zingefanya kazi.

Umeme ulitoka nyumbani kwa bibi, kwa waya mrefu uliokunjwa mlangoni. Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Mama alipotaka kuchemsha maji kwa birika la umeme, bibi alishika waya na kuukuta una moto. Ulikunjuliwa wote, birika likahamia kwenye mkaa.

Usiku umeme ulikatika. Baba akainuka kuwasha jenereta iliyo tumboni mwa gari, watoto wakiwa wamelala juu yake. Mama akakataa. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kiyoyozi hakiiondoi, kwani kazi yake ni kupoza hewa ileile ya ndani.

"Basi waleteni ndani," bibi akasema. "Neti ipo, na upepo wa ziwani hamjaulipia."

Watoto walibebwa mmoja mmoja, hawakuamka.