Safari ya kulenga shabaha kwenye mbuga za South Dakota

KWA MKENYA aliyezaliwa baada ya mwaka 1977, uwindaji wa wanyama pori ulipopigwa marufuku nchini, bunduki ni kitu cha askari na cha jambazi. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini hadi dada yangu, aliyeolewa Rapid City katika jimbo la South Dakota, Marekani, aliponipigia simu. Baba mkwe wake, mfugaji wa ng'ombe karibu na mji mdogo wa Wall, alikuwa amenialika twende kupiga mbwa wa mbugani.

“Na usije ukaniaibisha mbele ya mkwe wangu, kaka,” alinionya.

Kwanza nikuondolee wasiwasi, msomaji. Mnyama huyu si mbwa hata kidogo. Ni wa jamii ya kindi, ana uzito wa kilo moja hivi, huishi mashimoni, na hulia kwa sauti inayofanana na kubweka anapomwona adui. Hapo ndipo jina lilipotoka. Huishi kwa makundi makubwa ambayo Wamarekani huyaita miji, na kwa hakika ukitazama vichuguu vile vimetapakaa hadi upeo wa macho, kila kimoja na mwenyeji wake amesimama wima mlangoni, utakubali kwamba ni mji.

Nilidhani maandalizi yangeanza na bunduki. La, yalianza na karatasi. Sheria ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kushika bunduki, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au idhini nyingine maalumu. Kwa hivyo tulinunua leseni kwanza, hata kabla mzee hajanionyesha kabati lake. Kisha akanifunulia ramani na kunionyesha wapi tutafika na wapi hatutathubutu. Shamba lake ni lake. Lakini kusini mwa Wall kuna bonde la Conata, ambako kupiga mnyama huyu hakuruhusiwi.

Sababu ni kicheche mwenye miguu myeusi, ambaye karibu chakula chake chote ni mbwa wa mbugani. Watu walipowatilia sumu hawa, yule naye akatoweka, na ilidhaniwa ameisha kabisa duniani. Mwaka 1981, mbwa wa mfugaji mmoja karibu na Meeteetse, jimboni Wyoming, alileta nyumbani mzoga wa mnyama asiyejulikana. Alikuwa kicheche huyo. Waliosalia walikamatwa, wakazalishwa, na baadhi ya vizazi vyao wakarudishwa Conata. (Mbwa wa kweli, angalau, amelitendea pori lile wema.)

Siku mbili zilizofuata nilikuwa mwanafunzi. Nilijifunza kwamba bunduki huhesabiwa kuwa na risasi hata unapojua haina, na kwamba kidole hakigusi kifyatulio mpaka uamue kupiga. Risasi zenyewe ni nyembamba, hazifiki robo inchi kwa kipenyo, lakini huenda mbali mno, kwa hivyo ni lazima ujue kilicho nyuma ya shabaha: ng'ombe, barabara au nyumba ya jirani. Tulipakia meza ya kulengea, mifuko ya mchanga ya kuegemeza mtutu, vizibo vya masikio, miwani na bunduki mbili, maana mtutu mmoja hupata moto upesi na lazima upumzishwe. Nililenga makopo. Upepo wa mbuga zile hauna mti wa kuuzuia, nao ulipeperusha risasi zangu hadi mzee akacheka kwa heshima.

Jioni ya mwisho niliuliza swali lililokuwa likinikereketa. Nyama je?

Hailiwi. Tena mzoga haushikwi kwa mkono, kwa kuwa viroboto wake huweza kubeba tauni, ugonjwa ulioingia Marekani yapata mwaka 1900 na kuvamia bonde la Conata mwaka 2008. Mzoga huachwa palepale, ukaliwa na tai na mwewe. Risasi za madini ya timbi huwasumisha ndege hao, ndiyo maana nilimwomba mzee tutumie za shaba. Alinung'unika kuhusu bei, lakini alizinunua.

Kwetu sisi tuliolelewa kwamba kinachochinjwa huliwa, jambo hili ni gumu kumeza. Nilikuwa tayari kumhukumu mzee wa watu. Halafu nikakumbuka mtega fuko wa kijijini kwetu Nyeri, aliyekuja na vijiti na kamba zake, na baba akimlipa kwa kuhesabu mikia. Hakuna aliyekula fuko. Hakuna aliyewalilia pia, maana walikuwa wamemaliza viazi vyetu. Mzee naye anasema nyasi za ng'ombe wake zinamalizwa.

Tofauti ninayoiona ni moja: baba hakuita wageni waje kufurahia. Na bundi wadogo wanaoishi katika mashimo yaliyoachwa na mbwa wa mbugani hawana pengine pa kuhamia.

Nilimwambia mzee hivyo, kwa adabu, kwa kuwa dada alikuwa akinikodolea macho. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema mpigaji huhitaji mtu wa kumwangalizia risasi inapoangukia, na kazi hiyo ni ya darubini. Zamu yangu ya bunduki ikifika, nitasema ndiyo au la.

Sasa ni saa kumi alfajiri. Leseni iko mfukoni, darubini iko shingoni. Dada amefunga chapati nane na madumu mawili ya maji, na mzee anapiga honi nje.