Mpira wa Gongo

Gongo langu la kwanza lilikuwa tawi la mkaratusi lenye panda juu, na aliyelikata ni babu. Ilikuwa Novemba 1996, siku waasi wa Uganda wa kundi la ADF walipouvamia mji wa mpakani wa Mpondwe, magharibi mwa Uganda, wakitokea upande wa Kongo. Tulipokimbilia milimani niliteleza korongoni, mguu ukavunjika. Babu alinipima kwa macho, akaifunga panda matambara, akasema, "Egemea, mjukuu wangu."

Nikaegemea kweli, uzito wote kwapani. Haikuchukua muda vidole vya mkono vikaanza kufa ganzi, nasi nyumbani tukasingizia baridi ya Rwenzori. Kumbe kwapani hupita mshipa wa fahamu, na ukibanwa kutwa kucha mkono hulegea.

Hospitali nilikopelekwa baadaye ilinipa magongo mawili ya chuma. Yalikuwa na mwenyewe kabla yangu. Kama alipona au alikufa, sikuuliza. Yalinizidi kimo, na moja halikuwa na mpira chini. Asubuhi sakafu ya saruji ilipopigwa deki, nilipiga hatua tatu tu. Nilianguka mbele ya benchi lililojaa watu, plasta ikapasuka. Kila mtu alinipa pole, kisha akanilaumu kwa haraka ya ujana. Hakuna aliyetazama chini ya gongo, hata mimi.

Aliyetazama ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mpole mwenye maneno machache. Alinikataza ndala kwanza. Nikasimama wima na kiatu mguuni, akapitisha vidole vitatu kati ya kwapa langu na gongo, kisha akashusha vishikio mpaka vikafika usawa wa kifundo cha mkono.

"Uzito uweke viganjani, kijana. Kwapa si kiti."

Kwenye ngazi alinirudisha mara nyingi hadi nikachoka: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia magongo na mguu mgonjwa. Leo bado nashuka hivyo nikiwa nimebeba mzigo, ingawa mguu ulipona zamani.

Mpira uliokosekana alinituma nikautafute sokoni, kwa fundi wa lugabire, ndala zile za matairi. Fundi alikata kipande cha tairi la pikipiki, akakifunga kwa ukanda wa tyubu. Hakutia msumari. Alisema msumari ukitokeza chini utakuwa umenirudisha kwenye chuma.

Mwaka 2019 nilirudi kwenye milango ya hospitali nikimsindikiza mama, aliyekuwa amevunjika nyonga na kupewa woka, fremu ya kuegemea anapotembea. Ulikuwa wakati wa Ebola. Juni 11 ugonjwa ulithibitishwa kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka mpaka kutoka Kongo na familia yake. Alitibiwa kwanza hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa ya Bwera. Tangu hapo kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, na sakafu haikupata nafasi ya kukauka. Mimi, niliyewahi kuanguka kwa ndoo moja ya deki, nilimtembeza mama kando ya ukuta kama mwizi.

Katika kituo kimoja cha afya mlinzi alipulizia dawa viatu vya mama na miguu ya woka. Vishikio akaviacha. Mama akamnyooshea viganja: "Na hapa, mwanangu, ninaposhika mimi na aliyekuwa nayo jana?" Mlinzi akacheka kwa aibu, akapulizia. Tukasubiri vikauke, maana kishikio chenye maji nacho huteleza.

Woka hiyo ingali nyumbani. Siku ya soko mimi huibeba begani hadi kwa fundi yule wa lugabire, ambaye sasa mvi zimemjaa. Siku hizi anauza pia mipira ya dukani, laini, imepangwa kwenye sinia kama mandazi. Mama haitaki, hupenda vipande vya tairi chini ya woka yake. Fundi huipindua woka miguu juu, akapitisha ukucha kwenye kila kipande cha tairi, kama dereva anayekagua gurudumu kabla ya safari ya Kasese.

"Huu wa kushoto mifereji imeisha," huniambia. "Mama anaegemea sana upande huu. Mwulize kama nyonga inamuuma."

Nikarudi nikamwuliza. Ilikuwa inamuuma.