Kompyuta ya Binti kwa Fedha za Kikoba

Siku hizi orodha ya mahitaji ya shule imerefuka. Zamani ilikuwa madaftari, sare, viatu vyeusi, ndoo na jembe. Mama alijua bei ya kila kimoja, na akipunjwa sokoni alijua kwamba amepunjwa. Lakini mtoto anayechukua somo la kompyuta anaporudi nyumbani na kusema, "Mama, mwalimu amesema mwenye uwezo anunuliwe kompyuta mpakato," wengi wetu tunanyamaza. Tunajua kuchagua dagaa. Tunajua kitenge kitakachochuja hata kabla hakijalowekwa. Mbele ya mashine hiyo, hata hivyo, tunamwachia baba, na baba naye humwachia muuza duka. Ndiyo maana tumeona tuwasimulie akina mama wenzetu jinsi tulivyompatia ya kwake binti yetu wa kidato cha tatu, hapa Morogoro, maana fedha zenyewe si za kuchezea.

Huenda msomaji akauliza, je, si shule ina kompyuta zake? Inazo. Zinazofanya kazi ni kumi na moja, na wanafunzi wa somo hilo katika darasa lake wamepita arobaini, kwa hiyo hukaa wanne kwa mashine moja. Jioni moja tulimwuliza nani hushika kipanya. Alicheka kwanza, kisha akasema kwamba wavulana ndio hushika, na wao wasichana huwasomea maelekezo kwa sauti. Miaka miwili mizima alikuwa amejifunza kompyuta kwa kutazama mikono ya wenzake. Alikuwa ameanza kusema kwamba afadhali aliache somo kabla majina ya mtihani wa kidato cha nne hayajapelekwa, "kwa sababu hesabu naziweza, baba, ila kwa vitendo nitaaibika." Baba watoto alikuwa amekwisha kusema tusubiri. Aliposikia hayo hakubisha tena.

Fedha zilikuwepo, lakini zilikuwa na kazi yake. Zamu yetu ya kikoba ilikuwa imetupatia shilingi 600,000, nazo tulikuwa tumezipangia mabati ya chumba cha nyuma, ambacho mvua ikinyesha huwa tunatandaza masufuria. Tulikaa usiku mbili tukihesabu. Shemeji yetu mmoja alikuja, akasikia, akasema kwamba mtoto wa kike ataolewa na mashine itaondoka naye. Tulimjibu kwamba basi ataondoka na kitu cha maana, naye akanywa chai yake. Mabati tuliyaahirisha, tukanunua turubai.

Sasa, kabla ya kuuliza bei ya kompyuta, uliza kwanza itafanya kazi gani. Mama hanunui sufuria la shughuli kwa ajili ya kupikia watu watano. Tulimwomba mwalimu atuandikie anayoyafundisha, akatuandikia katika nusu karatasi: kuandika barua na ripoti, majedwali ya hesabu, kutunza kumbukumbu kwa kutumia Access, kutengeneza kurasa za HTML, na kuandika programu ndogo kwa lugha ya Python. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine ya gharama kubwa. Python yenyewe hupatikana bure. Mashine za bei kubwa zinazosifiwa madukani ni za michezo na za watengeneza filamu, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuishi bila hizo.

Baada ya ibada ya Jumapili tulimfuata kijana anayeendesha vyombo vya kwaya kanisani kwetu, maana kazi yake ya siku za juma ni kutengeneza kompyuta. Huyu alitusaidia sana, na tunawashauri mtafute wa namna yake, mtu asiye na kitu cha kuwauzia. Baba watoto alitaka kujua kwa nini simu kubwa isitoshe. Kijana alisema programu fupi inaweza kuandikwa hata kwenye simu, lakini mtihani wa vitendo hufanywa kwenye kompyuta, na vidole visivyozoea kibodi vitachelewa siku hiyo.

Tulitaja pia zile Chromebook ndogo ambazo tulisikia zinauzwa kwa bei ya kutupa. Alitueleza kwamba mashine hizo zimetengenezwa kufanya kazi zaidi kwa intaneti, kwa hiyo zitakula bando. Kwamba Access haiingii humo. Na kwamba kila moja ina tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuipa masasisho, na nyingi za bei hiyo tarehe yake imekwisha kupita. Kwa mtu wa kuandika barua tu zinafaa. Kwa orodha ya mwalimu wetu, hapana.

Kishawishi kikubwa kilikuwa kile cha tatu, nacho ndicho kinachowanasa wazazi wengi, kwa sababu kinapendeza. Katika duka moja la hapa mjini tuliiona kompyuta mpya kabisa, ya rangi ya fedha, nyepesi, bado iko katika karatasi yake, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Binti aliishika kama mtu anayeshika mtoto mchanga. Prosesa yake ilikuwa Celeron, RAM ni GB 4, na hifadhi ni GB 64.

Hapa tueleze kidogo. RAM ni kama meza ya jikoni, na hifadhi ni kama stoo. Stoo hutunza vitu hata ukizima taa. Meza ndipo unapokatia, unapokandia na unapopangia. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kukata kitunguu lazima kwanza urudishe unga stoo, na kazi inakwenda polepole hata kama mpishi ni hodari. GB 4 ni meza ndogo. Na ile GB 64 ndiyo hifadhi ya chini kabisa iliyotajwa na Microsoft kwa mashine ya Windows 11, maana yake Windows ikiisha kuingia, pamoja na masasisho yake, stoo inakaribia kujaa kabla mtoto hajaweka hata kazi moja ya shule. Baya zaidi, katika mashine nyingi za namna hiyo vitu hivyo viwili vimechomelewa humo humo, huwezi kuongeza baadaye. Tuliirudisha kwenye karatasi yake. Binti hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Kwa fedha zile zile, kijana alitushauri tununue mtumba. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoletwa nchini zilikuwa za maofisi huko Ulaya na Marekani, kama vile Dell Latitude, Lenovo ThinkPad na HP EliteBook. Si nzuri za sura, ni nyeusi au kijivu, nzito kidogo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi kutwa nzima, na nyingi kati yake zinafunguka kwa bisibisi, ukabadilisha betri, ukaongeza RAM. Tuseme kweli, sisi tunaonunua makoti ya mtumba na kuyavaa miaka kumi hatuna sababu ya kuliogopa neno hilo.

Lakini mtumba una umri, na katika kompyuta umri una maana ya pekee. Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayostahili Windows 11, ikiwa ina prosesa ya Intel Core, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomwa hivi: tazama namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane. Ikiandikwa i5-6300U, ni kizazi cha sita. Ikiandikwa i5-1135G7, ni cha kumi na moja. Wapo wauzaji wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye kizazi cha sita, nayo inaingia, lakini Microsoft haiahidi kwamba itaendelea kupewa masasisho ya usalama. Kwa hiyo i7 ya zamani inaweza kuwa duni kwa mwanafunzi kuliko i5 ya juzi, ingawa wauzaji hupenda kupiga kelele kuhusu hiyo saba.

Tulipanda treni ya umeme asubuhi, sisi wawili na binti mwenyewe, tukashuka Dar es Salaam na kwenda Kariakoo. Kumchukua mtoto ni jambo jema, kwa sababu yeye ndiye atakayeitumia, na macho yake ni mepesi kuliko yetu. Tuliingia maduka matano. Katika duka moja mashine ilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa i7, lakini binti alipofungua mipangilio na kutazama sehemu inayoeleza mfumo, akakuta i5. Muuzaji alisema karatasi ilibandikwa na fundi. Tukamshukuru na kutoka.

Dukani usione haya kukaa. Sisi tulikaa karibu saa nzima kwa kijana aliyetuamkia vizuri na kutuletea viti, naye hakuudhika, maana mteja anayepima ni mteja mwenye fedha. Tulikuwa na karatasi ya maswali. Binti aliandika herufi zote na namba zote, kitufe kimoja kimoja, maana kitufe kimoja kilichokufa kitamsumbua kila siku. Alifungua ukurasa mweupe ili tuone kama kioo kina madoa. Alichomeka flashi kwenye kila tundu. Aliunganisha na simu ya baba yake kupata intaneti. Baba watoto alifungua na kufunga mfuniko mara kadhaa, akisikiliza bawaba kama anavyosikiliza mlango wa gari.

Kisha likaja la betri, ambalo kijana wa kwaya alikuwa ametuandikia kwa herufi kubwa. Katika dirisha jeusi la amri unaandika powercfg /batteryreport, na mashine inakutolea ukurasa unaoonyesha betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Yetu ilitengenezwa kubeba 51,000, ikawa inabeba kama 34,000, yaani theluthi mbili. Si mbaya kwa umri wake, na ilitupa neno la kusemea tulipofika kwenye bei.

La mwisho ni kufuli. Kwa kuwa mashine hizi zilikuwa za maofisi, nyingine zimebaki na nywila ya mwenyewe wa zamani. Tuliizima, tukaiwasha tukibonyeza F2, maana ni Dell, ikafungua mipangilio yake ya ndani bila kudai nywila. Ingedai, tungeiacha hapo hapo, hata ingekuwa nusu bei.

Ilikuwa Latitude ya kizazi cha nane, RAM GB 8, na diski ya SSD ya GB 256. SSD usikubali ibadilishwe kwa diski ya zamani inayozunguka, hata ukiambiwa ni kubwa mara mbili, kwa sababu ile ya kuzunguka ni nzito kuamka na haipendi kuangushwa. Muuzaji alianzia 650,000. Tukamwonyesha ile karatasi ya betri, tukazungumza, tukanywa maji, tukasimama kama tunaondoka, tukaketi tena. Tulilipa 560,000 pamoja na chaja na mfuko, tukadai risiti ya mashine ya EFD na waranti ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa mkono wake nyuma ya karatasi ya duka.

Kwa mama mwenye nusu ya fedha hizo, njia ipo pia. Jirani yetu alinunua ya kizazi cha sita, na yule kijana akamwekea Linux Mint, ambayo haina malipo na huja na LibreOffice ya kuandikia na kufanyia majedwali. Python na HTML mwanawe anavifanya humo vizuri kabisa. Access ndiyo haimo, maana hiyo ni ya Windows peke yake, kwa hiyo sehemu hiyo huja kuifanyia kwetu siku za Jumamosi.

Nyumbani maneno hayakuisha, yalihamia kwenye LUKU. Baba watoto aliogopa umeme utaisha. Tukageuza chaja, tukasoma nyuma yake: wati 65. Tukageuza pasi yetu: wati 1,000. Tangu siku hiyo anayenyooshewa shati kila asubuhi hasemi kitu.

Kompyuta inakaa mezani sebuleni, si chumbani, na saa tatu na nusu usiku inafungwa. Hilo tulipatana kabla haijanunuliwa, na binti alikubali bila nongwa. Mdogo wake ana nusu saa yake baada ya kazi za shule. Majuma ya kwanza alikuwa akibonyeza kwa kidole kimoja huku akiutafuta kila mwandiko, na sasa vinakwenda sita au saba. Juzi alituandikia hesabu ya kikoba chote katika jedwali, wanachama ishirini na wawili, hisa na mikopo, akagundua kwamba mwenzetu mmoja alikuwa amekatwa riba mara mbili mwezi wa tano. Mweka hazina alikuja mwenyewe kuitazama, akavuta kiti, akamwambia, "Mwanangu, hebu nionyeshe tena, polepole." Binti akakishika kipanya, akamwonyesha.

Chumba cha nyuma bado kinavuja upande wa dirisha. Zamu yetu ya kikoba itarudi mwezi wa tisa, na mabati ndiyo ya kwanza.