Kioo cha Pijo kililia miezi sita, mwenye gari hakukisikia

Katika kitongoji kimoja cha Isingiro, wilayani Kyerwa, majirani hawakuhitaji saa ili kujua kwamba mzee anatoka nyumbani kwake. Walisikia kioo. Kila asubuhi alipofika getini na gari lake, alizungusha mkono wa kioo cha mlango wa dereva ili awasalimie wapita njia, na kioo kikalia kwa mlio mwembamba na mrefu, kama mtu anayekwaruza sahani kwa uma.

Watoto waliokuwa wakienda shule waliuiga mlio ule. Mbwa walibweka. Mzee mwenyewe alitoa mkono nje, akasalimia, akaenda zake.

Gari hilo ni Peugeot 504 pikapu, au Pijo kama linavyoitwa na kila mtu. Aina hiyo ilitoka kiwandani Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, ikashinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi ilikuwa gari la ofisi za serikali, la wafanyabiashara na la abiria Afrika Mashariki. Mzee alilinunua likiwa limetumika, akalibebea kahawa, ndizi, mbao za majeneza na wagonjwa wa usiku. Vioo vyake vinapanda na kushuka kwa nguvu ya mkono wa mtu. Hakuna swichi wala umeme.

Mwaka jana mzee alitimiza miaka 71. Mwaka huohuo, nyumbani kwake walianza kulalamika chinichini kwamba amebadilika.

Mkewe alisema amekuwa mkali. Ukimuuliza jambo anajibu lingine, ukirudia anafoka, "Nimekusikia!" Binti yake aliyeolewa jirani alisema baba anajitenga, kwa sababu siku hizi wageni wakija anasalimia na kutoka kwenda shambani. Waumini wenzake wa jumuiya walisema anajidai.

Lililouma zaidi lilitokea kwenye kikundi cha wakulima wa kahawa, ambako yeye ndiye aliyekuwa katibu. Mjumbe alitaja magunia sitini, mzee akaandika tisini. Hesabu zilipogoma mwisho wa msimu, watu walitazamana. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini alilisikia neno hilo hata bila kutamkwa. Alikabidhi daftari na hakurudi tena kwenye vikao.

Desemba, kijana wake wa pili alifika kutoka Mwanza na familia yake, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa Kagera kurudi nyumbani mwisho wa mwaka. Asubuhi ya kwanza aliamshwa na kioo.

"Baba, kioo hicho kinatuumiza masikio," alisema mezani wakati wa chai. "Leo tukifungue."

"Kimekuwa kizito, kweli," mzee akajibu. "Mkono unaniuma nikikipandisha."

"Si uzito tu. Ule mlio."

"Mlio gani?"

Wote walicheka wakidhani anatania. Mzee alitabasamu nao, akainama juu ya kikombe chake.

Saa nne Pijo ilikuwa chini ya mparachichi. Kwa kazi hiyo mzee hakuhitaji fundi. Kabla ya kustaafu alifanya kazi zaidi ya miaka 20 kwenye mashine ya kukoboa kahawa, na mikono yake inajua chuma. Alimwonyesha kijana skrubu ya mkono wa kuzungushia, kisha namna ya kubandua kava ya ndani ya mlango kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, kibanio kimoja kimoja, ili visivunjike. Mjukuu wa miaka tisa alipewa kazi ya kushika bakuli la skrubu.

Ndani ya mlango kulikuwa na udongo wa Isingiro wa msimu mzima. Vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Agosti, lilikuwa limeingia kupitia mdomo wa juu wa mlango, kisha mvua za vuli zikaligeuza tope. Matundu madogo ya chini, yanayotoa maji mlangoni, yalikuwa yameziba kabisa. Kijana aliyazibua kwa waya na maji mekundu yakatiririka.

Mashine ya kioo ni kitu rahisi. Ukizungusha mkono, gia ndogo inasukuma kipande cha chuma chenye meno. Kipande hicho kinainua mkono wa chuma ambao mwishoni una kigurudumu, na kigurudumu kinatembea ndani ya reli iliyofungwa chini ya kioo. Kioo nacho kinapanda kati ya mifereji miwili yenye raba na kitambaa laini. Kikipiga kishindo, mara nyingi ni boliti imelegea. Kikikwama njiani, angalia kigurudumu au meno. Kikilia mlio mwembamba, kosa liko kwenye mifereji.

Hapo ndipo lilipokuwa. Miezi kadhaa nyuma, kijana mmoja wa jirani alikuwa amemsaidia mzee kwa kumimina oili chafu kwenye raba za kioo. Oili ilishika vumbi, vumbi likawa msasa.

"Grisi ni ya chuma kwa chuma," mzee alimwambia mwanawe. "Meno, reli, kigurudumu. Raba usiipake grisi, inavimba na kuoza. Raba inataka usafi na ukavu."

Walikikaza kioo juu kwa vipande vya mti, wakasugua mifereji kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, wakaiacha ikauke juani. Dawa ya silikoni ya kupuliza, ambayo ndiyo hasa inayofaa kwa raba, haikuwepo dukani, kwa hiyo wakapaka poda ya mtoto kidogo kwenye kitambaa cha mifereji. Kwenye meno na reli wakaweka grisi mpya. Boliti zilizolegea zikakazwa.

Kijana alizungusha. Kioo kilishuka kimya. Akakipandisha, kimya.

"Kimekuwa chepesi," mzee alisema, akijaribu mwenyewe. "Basi, kazi imekwisha."

Mjukuu alimtazama. "Babu, na kelele zimeisha."

"Kelele?"

"Si kilikuwa kinalia kiiii! Kila mtu anakisikia. Wewe husikii?"

Pale palikuwa kimya kuliko kioo. Hakuna mtoto wa mzee yule ambaye angethubutu kumwambia hivyo baba yake. Lakini kati ya babu na mjukuu kuna utani, na utani hupitisha maneno ambayo heshima huyazuia. Mzee alikishika kichwa cha mtoto, akajibu, "Nilikuwa nimekuachia wewe ukisikilize."

Usiku ule hakuwatania tena. Alimwita kijana wake nje akamwambia kwamba ndege wa asubuhi hajawasikia siku nyingi. Alidhani wamehama.

Kinachompata mzee huyu kina maelezo. Sauti zinazopotea kwanza kwa watu wenye umri mkubwa, na kwa waliokaa miaka mingi kwenye kelele za mashine, ni zile nyembamba: mlio wa kioo, ndege, sauti ya mtoto. Pamoja nazo hupotea herufi kama s, f, sh na t. Mtu anasikia kwamba unaongea, ila maneno yanamfikia yakiwa na mapengo. Sitini na tisini zinakuwa neno moja. Ndiyo maana hujibu kwa hasira anaposema amesikia. Ni kweli amesikia sauti, hakupata maneno.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma, na kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wameathirika. Usipotafutiwa msaada, unamfanya mtu ajitenge, unamletea sonona, na umehusishwa na kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Januari kijana aliondoka na baba yake hadi Mwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio la kushoto lilikutwa limejaa nta iliyogandamizwa ndani na vijiti vya pamba alivyotumia kujisafisha kila Jumapili kabla ya ibada. Nta ilitolewa, na sikio hilo likafunguka kiasi. Lakini vipimo vilionyesha sehemu kubwa ya tatizo ni umri na zile kelele za kukobolea kahawa. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti upya. Anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, na familia bado inachanga fedha.

Wakati wanasubiri, nyumbani wamejifunza mambo machache yasiyo na gharama. Wanasimama mbele yake, mwangani, aone midomo. Wanamgusa bega kwanza. Hawapigi kelele, kwa sababu kelele huharibu neno zaidi. Wanasema polepole na kwa maneno mengine asipoelewa. Redio inazimwa wakati wa chakula. Mzee naye amekubali kutobeba wagonjwa usiku, na mchana hukaa na mtu pembeni anapopita palipo na bodaboda nyingi.

Kijana alikwenda pia kwa mwenyekiti wa kikundi cha kahawa akaeleza habari ya sitini na tisini. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema daftari lipo, na sasa kila tarakimu itaandikwa ubaoni kabla ya kuingia daftarini. Mzee amerudi kwenye vikao. Anakaa mstari wa mbele.

Aliyelalamika kuhusu kioo kilichopona ni mkewe peke yake. Kwa miezi ile sita, mlio wa getini ndio uliomwambia jioni kwamba mzee amefika, ateleke chai. Sasa anashtukia mtu yuko mlangoni na chai haijachemka.

Wamekubaliana apige honi mara mbili akifika getini. Honi ya Pijo ni nzito. Hiyo anaisikia vizuri.